Andika "Ataweza", Usiandike "Nitamaliza"

Mwanachuo akirudi nyumbani likizo, kabla hajashusha begi ameshapewa wanafunzi. "Msomi wetu kaja, sasa hawa watoto watasoma." Wanaweza kuwa wadogo zako, watoto wa dada, au wa jirani aliyesikia tu kwamba uko chuo. Hakuna barua ya ajira wala mshahara, ila kazi ni kazi. Wengine tunaifanya kwa malipo: ukitoka kipindi cha jioni unapanda daladala kwenda Mikocheni au Sinza kufundisha watoto wa watu, ili bumu likikata uwe na nauli angalau. Na wapo kati yetu ambao tayari ni wazazi, wanaosoma desa usiku huku mtoto kalala mgongoni.

Ndiyo maana nataka tulizungumze suala la kumfundisha mtoto nyumbani kama jambo letu. Tukilisikia, wengi tunawaza familia za Marekani zenye maktaba sebuleni. Hapa kwetu pia wapo wanaofuata mitaala ya nje wakiwa nyumbani, lakini ni wachache na wana uwezo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto wa umri wa shule ya msingi aandikishwe shule na ahudhurie, na mimi sina ugomvi nayo. Ninachokizungumzia ni kufundisha kwa kuziba pengo: mtoto ameugua muhula mzima, familia imehama katikati ya mwaka, au darasa lina watoto wengi kiasi kwamba mwalimu hajawahi kumsikia huyu mmoja akisoma kwa sauti.

Nchi nzima ilishalionja jambo hili. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu kila nyumba yenye mtoto ilikuwa shule, itake isitake. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Wengi wetu tulikuwa sekondari wakati ule na tunakumbuka neno lililosikika zaidi majumbani: "Kasome!" Ukimwambia mtoto "kasome" umempa amri. Hujamwambia asome nini, mpaka wapi, wala atajuaje kwamba ameweza. Anakaa na kitabu usoni, mzazi anaridhika, na mwezi unakwisha.

Hoja yangu ni moja. Lengo la kumfundisha mtoto nyumbani linafaa pale linapoandikwa kama sentensi ambayo mtendaji wake ni mtoto, kuhusu kitu atakachoweza kukifanya mwenyewe wakati wewe haupo. Kiswahili kimetupa njia rahisi ya kulikagua: angalia mwanzo wa kitenzi. "Nitamaliza kitabu", "nitamfundisha kuzidisha", "tutasoma kila siku saa mbili": hayo yote ni ratiba ya mwalimu. "Ataweza kusoma", "ataweza kutoa chenji", "ataweza kuandika barua fupi": hapo ndipo lengo la mtoto linapoanzia.

Tofauti hii si ya sarufi tu. Lengo la "nitamaliza" linaweza kutimia kwa asilimia mia na mtoto asijue kitu. Sisi wanachuo hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Kila mmoja anamjua mhadhiri anayemaliza slaidi zote kabla ya wiki ya mwisho, anafunga kompyuta yake kwa furaha, halafu nusu ya darasa inakwenda kusapu. Yeye alimaliza kweli. Sisi ndio hatukuweza.

Tena kuna "a-" ya uongo ambayo wazazi wetu wanaipenda sana: "atakuwa daktari", "atakuwa wa kwanza darasani". Daktari ni matumaini, na matumaini ni mazuri, ila hayakuambii Jumatatu jioni ufanye nini. Kuwa wa kwanza ni vibaya zaidi, kwa sababu kunategemea wenzake wameshindwa kiasi gani. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza katika darasa ambalo hakuna anayejua kusoma, na anaweza kuwa wa arobaini katika darasa ambalo wote wanajua.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Dada yangu anaishi Morogoro na ana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa ni 11,000 hivi kila mwaka. Wenye mgonjwa nyumbani wanajua maana yake: baridi, uchovu au maji kidogo tu mwilini yanatosha kuleta maumivu ya kumlaza mtoto wiki nzima. Mwaka jana mpwa wangu alilazwa mara tatu katika muhula wa kwanza wa Darasa la Tatu. Mwalimu wake wa darasa, ambaye namheshimu kwa kusema ukweli mapema, alimwambia dada kwamba kwa hali ile mtoto angerudia darasa.

Kurudia darasa si dhambi. Lakini mdogo wake wa kike alikuwa Darasa la Pili, na yule mtoto alishapiga hesabu peke yake: mwaka unaofuata wangekaa dawati moja. Akaanza kukataa kushika daftari mdogo wake akiwepo. Ukimwuliza kwa nini, anasema kichwa kinauma. Na kwa mtoto kama yule hakuna mtu anayethubutu kumwambia kwamba kichwa hakimuumi.

Tukakubaliana na mwalimu kwamba wiki kumi za likizo yetu ndefu, siku ambazo hawezi kwenda shule atasomea nyumbani. Mimi nilikuwa field asubuhi mpaka alasiri, kwa hiyo nilikuwa na saa moja tu jioni. Dada anauza chakula Msamvu, stendi ya mabasi, na anarudi usiku. Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa nyumbani kutwa, lakini macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu: saa moja ya jioni, bibi mmoja, na mwanafunzi anayechoka haraka.

Dada alikuwa na lengo lake tayari. "Mdogo wangu, nakuomba mmalize vitabu vyote vya la tatu kabla hujarudi chuo. Wenzake huko wameshafika mbali."

Nilimwelewa. Mama yeyote angesema hivyo. Lakini tupige hesabu pamoja: saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi, ni saa 50, kabla hujatoa siku za kuumwa. Vitabu vya masomo yote kwa saa 50 vinaweza kumalizwa kwa namna moja tu: mimi nisome kwa sauti, yeye atikise kichwa. Nikamwambia, "Dada, vitabu nitavimaliza mimi. Wa kwenda kukaa darasani ni yeye."

Hatua ya kwanza, kabla ya lengo lolote, ni kupima mtoto alipo. Si darasa alilopo kwenye rejista, bali pale anapoweza kusimama bila kushikwa mkono. Hapa Afrika Mashariki tuna kipimo kizuri ambacho wengi wetu tunakisikia kwenye ripoti tu. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2009 na kuchukua mfano wake kutoka India, iliwapima watoto majumbani kwao badala ya shuleni. Jaribio la Kiswahili lilikuwa na ngazi nne: silabi, maneno, aya, hadithi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kiwango cha Darasa la Pili, na miaka ile ya mwanzo watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuiweza. Kinachonivutia katika kipimo hicho ni urahisi wake. Huhitaji shahada ya ualimu. Unahitaji karatasi, dakika 20 na sikio.

Tulipompima mpwa wangu, silabi zote alizisoma. Maneno mafupi kama "kuku" na "meza" aliyaweza. Alipofika kwenye "mwanamke", "nyundo" na "ng'ombe" alikwama. Kwenye kitabu chenye picha ya mkulima alisoma sentensi nzuri kabisa, ila haikuwa ile iliyoandikwa. Alikuwa anasoma picha. Kwa hiyo kitabu cha Darasa la Tatu kingekuwa kwake kama karatasi ya mtihani wa Kichina: angekitazama kwa heshima na kusubiri nimwambie kinasemaje.

Baada ya hapo tuliandika malengo, tukayabandika ukutani karibu na mtungi wa maji. Yalikuwa hivi:

Mwisho wa wiki ya 4, atasoma maneno 10 yenye mw, ny, ng', mb, nd na kadhalika ambayo hajawahi kuyaona, bila picha, na atapata 8.

Mwisho wa wiki ya 8, atasoma aya ya sentensi nne asiyoijua, kisha atamsimulia bibi kwa maneno yake mwenyewe.

Mwisho wa wiki ya 10, atakwenda dukani na noti ya 5,000, atanunua vitu viwili, na atajua chenji kabla muuzaji hajamtajia.

La nne aliliongeza mwenyewe, kwa mwandiko wake: atasoma maneno yaliyoandikwa nyuma ya mabasi pale Msamvu anapokwenda kumsalimia mama yake.

Dada alisoma ile karatasi mara mbili. "Mbona sayansi haipo? Na Kiingereza?" Lilikuwa swali la haki. Jibu langu lilikuwa kwamba sayansi imeandikwa, na asiyeweza kusoma aya hawezi kuisoma sayansi. Kiingereza kingesubiri. Kuweka lengo ni kuchagua, na kuchagua kuna gharama. Anayekwambia kwamba ataweka malengo kwa masomo yote ndani ya saa moja ya jioni bado hajachagua chochote.

Sasa mtu wa biashara hapa atasema, "Hiyo si SMART tu?" Kweli, SMART tumeikariri wote. Inafaa kujua ilikotoka. George T. Doran aliiandika mwaka 1981 katika jarida la mameneja, akiwalenga watu wenye makampuni na wafanyakazi. Katika orodha yake ile herufi A haikuwa "lengo linalofikika" kama slaidi nyingi zinavyosema leo. Aliuliza lengo linakabidhiwa nani, yaani nani atalifanya. Baadaye watu wakaibadilisha, na swali la nani likapotea njiani. Kwa kumfundisha mtoto nyumbani, hilo ndilo swali ambalo hatukupaswa kulipoteza. Lengo linaweza kuwa mahususi, linapimika na lina tarehe, lakini kama anayelifanya ni mama mdogo wake, mtoto ni mtazamaji.

Wataalamu wa saikolojia Edwin Locke na Gary Latham wametumia miongo kadhaa kuchunguza malengo. Moja ya hitimisho lao linajulikana: lengo mahususi na gumu kidogo humfanya mtu afanye vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi tu". Lakini kuna sehemu ya pili ambayo hatuitaji sana. Kazi ikiwa ngeni na ngumu, na mtu hajajua njia ya kuifanya, lengo la matokeo linaweza kumvuruga; linalomsaidia ni lengo la kujifunza njia yenyewe. Mtoto ambaye hajui "ng'" inatamkwaje hasaidiwi na "upate 90". Anasaidiwa na "wiki hii utaijua ng' popote utakapoikuta". Sisi wenyewe tukiwa tunafukuzia GPA kwa kumeza desa la mwaka juzi tunajua jinsi lengo la matokeo linavyoweza kumfundisha mtu kila kitu isipokuwa somo.

Jambo jingine ambalo nyumbani ni la lazima: kila lengo liwe na ukubwa wa siku nzuri na ukubwa wa siku mbaya, na yote mawili yaandikwe mapema. Siku nzuri kwetu ilikuwa vipindi vitatu vya dakika 15, katikati ananyweshwa maji. Masomo mafupi si uvivu. Charlotte Mason, Mwingereza aliyewaandikia wazazi wanaofundisha nyumbani tangu karne ya 19, alishikilia kwamba mtoto mdogo apewe masomo ya dakika chache kwa umakini wote, kisha asimulie alichosikia. Siku mbaya ilikuwa na kazi moja: bibi anasimulia hadithi, mtoto kalala mkekani, na hadithi ikiisha anauliza swali moja. Siku mbaya kabisa haikuwa na lengo. Ilikuwa ya dawa, blanketi na usingizi.

Kwa nini kuandika mapema? Kwa sababu mtoto akiumwa, mwalimu wa nyumbani huamua kwa huruma au kwa hatia. Ama unaacha kila kitu kwa wiki tatu, ama unamlazimisha akae kwa sababu "muda unakwenda". Ukiwa umeandika, huamui tena usiku wa manane, unasoma ukutani. Na hili si la wagonjwa peke yao. Nyumba gani haina siku mbaya? Umeme unakatika, kuna msiba kwa jirani, hela ya mboga haijapatikana, wageni wamejaa sebuleni. Mpango ambao hauna siku mbaya ndani yake ulitungwa kwa ajili ya nyumba isiyokuwepo.

Kila Ijumaa tulipima, na masharti yalikuwa mawili. La kwanza, maandishi yawe mageni: kipande cha gazeti, pakiti ya unga, tangazo la kanisani au msikitini. Mtoto ana kumbukumbu kali. Ukurasa alioufanyia mazoezi Jumatatu, Ijumaa atakusomea huku anatazama dirishani. La pili, mpimaji asiwe mwalimu. Mimi nikimpima alikuwa anasoma uso wangu, kama alivyosoma ile picha ya mkulima. Bibi akawa ndiye msahihishaji wa simulizi. Haoni maandishi, ila anajua hadithi yenye kichwa na miguu, na isipoeleweka anasema, "Mjukuu wangu, hapo umenipoteza. Rudia."

Matokeo? Wiki ya 4 alipata 7, "ng'" ikiwa bado inamshinda. Wiki ya 5 alilazwa tena, siku tisa. Aliporudi tulifanya jambo ambalo naliona ni la msingi: tulisogeza tarehe, hatukushusha lengo. Kuna tofauti kubwa. Ukishusha lengo umemwambia mtoto kwamba ugonjwa umepunguza anachoweza. Ukisogeza tarehe umemwambia kwamba ugonjwa umekula siku tisa, basi. Aya ya kwanza ngeni aliisoma wiki ya 9, ilihusu mtu aliyerudi sokoni. Alipomsimulia bibi, bibi akamuuliza, "Alirudi kufanya nini?" Mtoto hakunitazama. Aliichukua ile karatasi tena, akatafuta kwa kidole, akasoma jibu. Kwangu siku ile ndiyo aliyojua kusoma, kwa sababu alijua jibu liko wapi.

Chenji alikosea mara kadhaa na wiki ya mwisho akapatia mara mbili mfululizo. Mwisho wa mwaka alifanya mitihani na wenzake na hakurudia darasa. Sasa yuko Darasa la Nne, na mbele yake kuna upimaji wa kitaifa. Kiingereza bado kinamsumbua. Pengo lote halijazibwa, na wiki kumi haziwezi kuziba pengo lote. Ila mdogo wake akiwepo, daftari linafunguliwa.

Najua pingamizi zilizopo, maana nimeshazisikia kwenye vimbweta.

Kuna wanaosema malengo yanayopimika yanamfanya mtoto kuwa mashine. Hofu hiyo ina msingi pale mtoto anapopimwa na watoto wengine, au kila saa ya siku yake inapowekewa namba. Sisi tulimpima na Ijumaa yake iliyopita. Saa moja ilikuwa na lengo. Saa zilizobaki zilikuwa zake, za kucheza, kuzurura uani na kumsumbua bibi. Lengo zuri huacha nafasi, kwa sababu linajua lilipoishia.

Wengine wanasema shule haimsubiri mtu, lazima afuate mtaala wa darasa lake. Ni kweli kwa sehemu. Atarudi kule na mtihani atakaoukuta ni ule ule. Lakini hata serikali ilipoona watoto wanapita madarasa bila kusoma, mwaka 2015 ilileta mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kama nchi nzima inaweza kusimama ili kujenga msingi kwanza, nyumba moja inaweza. Waswahili wanasema samaki mkunje angali mbichi, na tunaitumia methali hiyo kuwaharakisha watoto. Kwani methali imesema umkunje kwa haraka?

La tatu ndilo zito zaidi: "Sisi si walimu, tuna UE zetu, na tukiondoka kila kitu kinarudi kilipokuwa." Hapa ndipo naona "ataweza" inaishinda "nitamaliza" waziwazi. Lengo la "nitamaliza" linapanda basi na wewe kurudi chuo. Lengo la "ataweza" linabaki ukutani, na mtu yeyote wa nyumba ile anaweza kuliendeleza kwa sababu yeyote anaweza kuona kama limetimia. Dada yangu harudi mapema na hajasomea ualimu, ila anajua kama mwanawe ameweza kusoma mgongo wa basi. Bibi hasomi, ila anajua kama amesimuliwa kitu kinachoeleweka. Muuzaji wa duka anajua kama chenji imetajwa kabla yake. Hao wote ni walimu ambao hukuwa na haja ya kuwaajiri.

Kwa wenzangu mnaofundisha kwa malipo nina ombi la ziada. Siku ya kwanza, kabla hamjakubaliana bei, mpime mtoto mbele ya mzazi wake. Kisha mwandikie mzazi sentensi tatu za "ataweza" zenye tarehe, badala ya ratiba ya masaa. Najua ni hatari. Ratiba inakulinda: ulifika, ulikaa saa mbili, ulipwe. Sentensi inakuweka wazi, maana mtoto asipoweza itaonekana. Lakini mzazi anayetoa pesa yake ya mwezi hanunui masaa yako. Anataka mtoto wake aweze. Na nyumba nyingi ambazo mwalimu wa jioni anaonekana mzuri kwa sababu kazi za nyumbani zimejaa majibu sahihi, majibu yale ni ya mwalimu.

Kwa tunaofundisha bila malipo, likizo inakuja. Ukifika nyumbani, usianze na kitabu. Kaa na mtoto dakika 20, mpe maandishi asiyoyajua, funga mdomo, sikiliza. Muulize na yeye anataka aweze nini, aliandike mwenyewe hata kama mwandiko umepinda. Chagueni machache, wekeni tarehe, andikeni siku mbaya itakuwaje, na mumpe mtu mwingine wa nyumba kazi ya kupima.

Ukisharudi chuo, usijiulize umemfundisha kurasa ngapi. Piga simu siku moja jioni umwambie atafute kitu chochote chenye maandishi hapo alipo, akusomee, halafu akueleze kinamaanisha nini. Wewe hukioni na huwezi kumsaidia. Akiweza, umefundisha.